Rangi ya Kucha kwenye Nati

Mdogo wangu alijua kuendesha pikipiki, kuitunza hakujua. Nasema hivyo bila kumsingizia, maana mwenyewe alikuwa akilitangaza kila mahali, tena kwa kujisifu, kama vile uchafu ni cheo. Anaondoka uani kwangu na pikipiki inang'aa, anarudi nayo imevaa matope mpaka kwenye kiti, cheni imekauka, kichujio cha hewa kimejaa vumbi la kutosha kuotesha vitunguu. Anaiegemeza ukutani, anavua helmeti na kuniambia, "Dada, naona inavuta kidogo kushoto." Kidogo! Siku moja hiyo kidogo yake ilikuwa spoku nne za gurudumu zimekatika.

Mtaani walimwita Kiroboto tangu akiwa mtoto, kwa kuwa hakuweza kukaa mahali pamoja dakika mbili. Nimemzidi miaka kumi na miwili, na wazazi walipotutoka nikabaki mimi kuwa mama yake, baba yake na fundi wake. Sina mume, sina mtoto. Nilikuwa na karakana ya chumba kimoja cha bati, ua wa saruji uliopasuka katikati, kabati la spana za baba, na yeye Kiroboto. Nikisema kwamba kosa moja la mkono wangu lingeweza kuninyang'anya kila kitu isipokuwa zile spana, siongezi chumvi.

Ndiyo sababu nilikuwa na alama zangu.

Pikipiki za kwenda porini na kuruka vilima si kama zile za kupelekea watu sokoni. Zinatikisika mpaka ndani. Nati uliyoikaza Jumamosi kwa nguvu zako zote, Jumapili jioni unaifungua kwa vidole. Kwa hiyo baada ya kila safari nilifungua, nikasafisha, nikatia grisi, nikafunga, kisha nikakaza kwa spana ndefu ya kipimo, ile inayolia "tak" nguvu ikitosha. Ikilia, nachovya kibrashi kwenye rangi nyekundu na kuchora mstari mmoja, nusu juu ya nati na nusu juu ya chuma kilicho chini yake. Nati ikigeuka hata kidogo, mstari unakatika na mimi nauona. Kanuni yangu ilikuwa hiyo tu: tak kwanza, rangi baadaye. Nati isiyo na rangi haijakazwa, hata kama naweza kuapa kwamba nimeikaza. Kichwa changu sikukiamini, hasa tangu nivuke miaka arobaini na tano. Niliamini mstari. Mafundi wenzangu walinicheka, wakasema napamba pikipiki kama bibi harusi. Waache wacheke. Miaka tisa hakuna kitu kilichowahi kuchomoka kwenye pikipiki ya Kiroboto.

Rangi yenyewe ilikuwa rangi ya kucha. Inakauka haraka, haisumbuliwi na oili, na kibrashi chake ni chembamba. Niliipata kwa wifi yangu, mke wa Kiroboto, ambaye anatengeneza kucha za wanawake kwenye kibanda chake karibu na kituo cha mafuta. Ana mkono mtulivu yule mwanamke, sijapata kuona. Anaweza kuchora ua kwenye ukucha wa kidole kidogo huku akikuhadithia habari za mtaa mzima, na ua lisipinde.

Chupa hizo alikuwa akinipa kwa shingo upande. Aliichukia pikipiki ile. Siku za mashindano alifunga kibanda, akajifungia ndani na kuwasha redio kwa sauti ya juu ili asisikie simu ikilia. Mwaka uliotangulia waligombana hadi akahamia kwa dada yake wiki mbili nzima. Kisha akashika mimba. Mimba ilipofika mwezi wa sita, akaja karakana siku moja, akapanga chupa tatu mpya juu ya meza yangu.

"Wifi," akasema, "nimechoka kushindana na hiki chuma. Safari hii nakwenda nanyi uwanjani. Kama siwezi kumzuia, basi angalau niwe upande wake."

Nilimkumbatia kwa mikono yangu ya grisi, akapiga kelele kwa ajili ya gauni lake. Nilifurahi kupita kiasi. Laiti ningemwambia abaki na redio yake.

Jumamosi ile alasiri nilikuwa nimeivua pikipiki nusu nzima. Niliweka cheni mpya. Sasa cheni ya pikipiki ya namna hii hupimwa mwendeshaji akiwa amekaa juu, kwa sababu uzito wake unashusha nyuma na cheni inavutika. Ukiipima bila mtu utaikaza mno, na itakatika hewani. Kiroboto hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuchukua namba yake ya mashindano, na huko alikutana na wenzake, na wakikutana wale hadithi haziishi. Nilimpigia simu mara mbili.

"Dada, nakuja sasa hivi," akasema.

Nazijua sasa hivi za mdogo wangu. Nikalirudisha gurudumu la nyuma mahali pake, nikazungusha nati ya ekseli, ule mhimili wa gurudumu, kwa mkono, nikaiongeza robo mzunguko kwa spana ili gurudumu lisianguke, basi. Nati hiyo ina pete ya plastiki ndani, haitoki ovyo, lakini kushika hasa ilikuwa haijashika. Nikaiacha bila rangi. Nati nyingine zote zilikuwa na mistari yao myekundu, mibaya mibaya, maana mimi mkono wangu si wa kuchora. Ile moja kubwa ya nyuma ilibaki chuma kitupu, inanisubiri. Nikaosha mikono nikaenda kulala bila wasiwasi wowote.

Asubuhi niliondoka mapema na dumu langu kufuata petroli. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nilimkuta wifi uani, amevaa gauni pana la rangi ya samawati, ameleta chupa ya chai na mkoba wake wa kazini begani, kwa kuwa alikuwa amepita kibandani kwanza. Kiroboto alikuwa amekaa kwenye ndoo anafunga buti. Wote wawili wananicheka kwa sababu nilikuwa nimevaa fulana ndani nje.

Hapo hapo simu ikalia. Wenye mashindano walikuwa wanaogopa mvua. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa milima, meusi chini, na wameamua kusogeza mbio mbele kwa saa moja na nusu. Basi ikawa patashika. Pikipiki juu ya gari, kamba, dumu, sanduku la spana, wifi mbele kwa dereva na tumbo lake, sisi nyuma. Chai hata hatukuinywa.

Uwanja ni machimbo ya mawe yaliyoachwa. Chini kuna shimo pana lenye maji ya kijani ambayo hakuna anayejua kina chake, na njia inazunguka ukingo wake, inapanda, inashuka, inaruka. Kuna kilima kimoja wamekichonga juu kikawa bapa, wanakiita Meza. Mwendeshaji mzuri anaruka Meza nzima na kutua upande wa pili. Mbaya anatua juu yake. Kabla tu ya Meza kuna kona kali yenye ukuta wa mawe, na pale lazima kila mtu apunguze mwendo.

Niliikagua pikipiki ikiwa bado inatikisika kutoka garini, watu wananipigia kelele kwamba waendeshaji waende kwenye mstari wa kuanzia. Macho yangu yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote: usukani, nyekundu, breki, nyekundu, nati za injini, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikafika ekseli ya nyuma. Nikasita.

Kulikuwa na kitu. Nilikumbuka kama mtu anayekumbuka ndoto kwamba kuna jambo nililiacha huku nyuma. Lakini mstari huo hapo. Mwekundu, mnyoofu, umepita katikati ya nati bila kutetereka. Nikamwambia Kiroboto akae. Akakaa, nikaibonyeza cheni kwa kidole, ikalegea kiasi kile kile ninachokitaka.

"Vipi?" akauliza ndani ya helmeti.

"Nadhani hii niliikaza jana, nimesahau tu."

"Uzee huo, dada."

"Nenda zako."

Nikampiga begani. Nakiri hata nilijipongeza kidogo moyoni kwa jinsi mstari ule ulivyonyooka. Spana ya kipimo ilikuwa ndani ya sanduku, hatua nne kutoka pale nilipopiga magoti. Sikuifuata. Ndilo kosa langu, na sitaki mtu anipunguzie. Mtu mwingine yeyote asiye na kanuni angeishika ile nati kwa mkono. Mimi mwenye kanuni niliitazama tu.

Mizunguko ilikuwa sita. Bendera ilipoanguka walitoka kumi na wanne kwa mpigo, wakatuachia moshi na mawe. Nilikwenda kusimama na wifi kwenye kamba, karibu na Meza, kwa kuwa pale unawaona mara mbili. Alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu. Mzunguko wa kwanza Kiroboto alipita wa nne. Aliruka Meza yote, na pale hewani akageuza usukani kidogo kwa madoido, ule ujinga wake.

"Anafanya hivyo kwa sababu niko mimi?" wifi akauliza.

"Anafanya hivyo kwa sababu hana akili."

Akacheka. Lilikuwa jambo zuri kumsikia akicheka mahali pale.

Mzunguko wa pili alipita wa tatu, na mimi nikasikia kitu. Baada ya kutua, chini ya kelele za injini, kulikuwa na mlio mwingine: cheni inapiga chuma. Tatatata. Kisha kimya. Cheni mpya, nikajiambia, inajizoesha. Lakini niliinama bila kujua, nikatega sikio kama vile ningeweza kuifuata mpaka upande wa pili wa shimo.

"Wifi, una nini?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Leo mimi siogopi kabisa," akasema, na alikuwa akilitazama vumbi, si mimi. "Nilidhani nitaogopa. Lakini asubuhi wakati umekwenda kuchukua petroli niliizunguka ile pikipiki yote, nikaangalia alama zako moja moja. Nikaona kubwa ya nyuma umesahau kuipaka. Nikatoa chupa mkobani, nikakupakia. Nimeinyoosha vizuri, umeona? Nikaiombea na dua kabisa."

Akanionyesha kidole gumba chake. Kulikuwa na doa jekundu pembeni ya ukucha.

Sijui uso wangu ulikuwaje, nadhani haukuwa na chochote, kwa sababu aliendelea kutabasamu. Nikamwambia nakwenda kuona vizuri zaidi kule mbele. Nikaanza kutembea, na nilipofika nyuma ya watu nikakimbia.

Mshika bendera wa ile kona iliyo kabla ya Meza alikuwa mzee mmoja mwenye koti la njano na filimbi shingoni. Nikamshika koti.

"Msimamishe namba ishirini na saba."

"Kuna nini?"

"Gurudumu la nyuma halijakazwa. Mimi ndiye fundi wake. Mpungie bendera sasa hivi."

Akanitazama tangu kichwani hadi fulana yangu iliyovaliwa ndani nje. "Mama, bendera napunga mtu akianguka au mwamuzi akinipigia simu. Kila ndugu wa mwendeshaji ana ndoto zake mbaya. Nikianza kuzisikiliza hakuna atakayemaliza."

"Si ndoto, mzee wangu! Nakuomba. Nati haijakazwa."

"Ulimruhusuje aingie, basi?"

Aliinua simu yake, lazima niseme ukweli, alijaribu. Mwamuzi hakupokea. Na hapo wakatokea mzunguko wa tatu. Kiroboto alikuwa wa pili sasa, na alipopita nililiona kwa macho yangu: gurudumu la nyuma limekaa upande, limevutwa kushoto, tairi inasugua mkono wa chuma unaolishika. Harufu ya mpira ulioungua ikabaki hewani baada ya yeye kuondoka. Yeye hakuhisi. Au alihisi na akasema ni kidogo tu.

Akaruka Meza. Nilifumba macho. Nikamsikia anatua, na cheni ikapiga tatatata ndefu kuliko ile ya kwanza, na watu wakashangilia.

Mzee akapiga tena. Simu ikaita, ikaita. Nilihesabu moyoni. Mzunguko mmoja ulikuwa dakika mbili na nusu. Mbele yake kulikuwa na mizunguko mitatu, yaani Meza mara tatu, na kila Meza ni mita sita kwenda juu na jiwe tupu chini. Niliwaza jambo moja tu: kwenye kona hii watu wanapunguza mwendo. Akiniona hapa atasimama. Mdogo wangu akiniona nimeinua mikono atasimama, tangu utoto nikisema simama anasimama.

Nikavuka kamba.

Mzee akapiga filimbi nyuma yangu. Wa kwanza alinipita kwa upande akinitukana tusi ambalo sikulijua. Kisha akaja namba ishirini na saba. Niliinua mikono yote miwili. Nikaiona helmeti yake ikiinuka, nikajua ameniona. Alibana breki zote mbili kwa pamoja, nyuma ya pikipiki ikakaa upande kwa ghafla kama mlango uliochomoka bawaba, na ikamrusha. Hakuruka mbali. Mgongo wake ulipiga ukuta wa mawe na mlio wake haukuwa mkubwa hata kidogo.

Mvua ilianza wakati wanambeba. Wifi alikimbia nyuma ya machela ameshika tumbo kwa mikono miwili, bila kiatu kimoja. Mimi nilibaki njiani na pikipiki, kwa kuwa mtu aliniambia iondoe hii hapa, na mimi ni mtu wa kuambiwa ondoa pikipiki nikaondoa.

Nikaisukuma hadi nyuma ya gari. Nikapiga magoti kwenye matope, nikaangalia. Ile nati ilikuwa bado ipo. Imerudi nyuma karibu yote, imeshika uzi mmoja na nusu wa mwisho, na juu yake nusu ya mstari mwekundu, mnyoofu, umekatika na nusu yake ya pili. Niliitoa kwa vidole viwili. Ingechomoka kwenye mzunguko ule ule, au ule wa tano? Au ile pete ya plastiki ingeishikilia mpaka mwisho, Kiroboto akaja kuniambia, dada, naona inavuta kidogo? Nimekwishajiuliza mpaka nimechoka. Hakuna mtu wa kunijibu. Nikaitia nati mfukoni, nikaweka nyingine mahali pake, nikaikaza, hakuna aliyeniona.

Waandaaji waliandika kwamba fundi aliingia njiani kwa makusudi. Nimefungiwa kukanyaga uwanja wowote. Hilo halikuniuma.

Siku ya tano Kiroboto aliruhusiwa kuongea. Chumba cha hospitali kilikuwa na vitanda vinne, na yeye alikuwa karibu na dirisha, amelala chali, na shuka juu ya miguu yake limetulia mno. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili, ameushika mkono wake. Alikuwa amevimba macho. Daktari alikuwa amemwambia apumzike, kwa sababu usiku wa kwanza alitokwa na damu kidogo, na mtoto bado hakuwa na nguvu za kuzaliwa.

"Dada," Kiroboto akasema. "Uliingia njiani kufanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo siku zote tano. Nati ilikuwa mfukoni mwangu, nimeishika. Kulikuwa na jibu, jibu la kweli la maneno machache, na ningelitoa angenielewa mara moja, yeye anajua maana ya nati. Kisha nikamtazama wifi. Alikuwa akinisubiri na yeye. Kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa mkono wa mumewe, huku na huku, na lile doa bado lilikuwepo pembeni ya ukucha, hakuwa amepata nafasi ya kulifuta.

"Niliogopa," nikasema.

"Uliogopa nini?"

"Nilikuona unakwenda kasi mno."

Mimi, ambaye miaka tisa nilikuwa nikimpigia kelele aongeze mafuta. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuweza kugeuka ili nisiyaone.

"Umeniua kwa woga," akasema. "Ondoka, dada. Na usiguse tena kitu changu chochote. Hata kijiko."

Nikaondoka. Wifi alinifuata hadi kwenye korido, akanikumbatia, akaniambia hasira zitapungua, tena akaniambia yeye hanilaumu, mtu akiogopa ameogopa. Ananifariji mimi! Niling'ata shavu kwa ndani mpaka nikasikia ladha ya damu.

Miezi mitano ilipita. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, ana sauti ya kupasua bati. Habari zote nilizipata kwa wifi, aliyekuwa akipita karakana mara moja kwa wiki na mtoto mgongoni. Niliendelea na kazi, lakini alama niliziacha. Nakaza, kisha nakaza tena, kisha nashika kwa mkono. Wateja wanasema nimekuwa mzito.

Siku moja akaniambia njoo nyumbani, hata kama Kiroboto hatakusemesha, njoo umwone mtoto. Kiti cha magurudumu cha mumewe kimefika, kilikuja vipande vipande ndani ya boksi na karatasi ya maelezo, na kwa kuwa mumewe hataki mkono wa fundi, amekiunga yeye wifi mwenyewe. Akaongeza kwa fahari:

"Na kila nati nimeipaka rangi, wifi. Kama unavyofanya wewe."

Nilikwenda alasiri ile ile. Spana ndogo niliitia mfukoni kabla hata sijafunga mlango wa karakana.

Alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, kidevu kifuani, anasinzia. Amekonda. Wifi alikuwa nje anaanika nepi, mtoto mgongoni, anamwimbia. Nilisimama nikakitazama kiti. Kilikuwa kipya, cheusi, na kwenye kila nati kulikuwa na mstari mwekundu mnyoofu, wa kupendeza kweli. Nikapiga magoti taratibu. Nati ndogo za mbele zilikuwa ngumu. Za kuegemea, ngumu. Nikafikia gurudumu kubwa la kulia, nikaishika nati yake ya katikati kwa vidole viwili, na ikazunguka. Mstari ukakatika katikati bila sauti.

"Nilisema usiguse kitu changu."

Alikuwa amefumbua macho. Sikuinuka. Nyumba ina ngazi tatu mlangoni na mteremko mpaka barabarani, na kila jioni anashushwa pale kuota upepo. Nje wifi alikuwa bado anaimba.

Nilimshika mkono, ukawa mgumu kwanza, akataka kuuvuta, lakini nina nguvu kumzidi sasa. Nikauteremsha ubavuni mwa kiti mpaka vidole vyake vikaigusa ile nati. Nikaviachia. Aliizungusha mwenyewe. Akairudisha. Akaizungusha tena, na akaegemea upande ili aone, na akauona mstari, nusu huku na nusu kule.

Kiroboto si mjinga. Ameishi juu ya pikipiki maisha yake yote. Alikaa amekitazama kile kirangi muda mrefu, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama dirishani, kwenye nepi nyeupe na mgongo wa mkewe.

"Ya nyuma?" akauliza kwa sauti ya chini.

Niliitikia kwa kichwa. Nikaitoa ile nati ya zamani mfukoni, ambayo nilikuwa sijaiacha hata siku moja, nikaiweka kiganjani mwake. Aliigeuza. Mimi nilikuwa nalia bila kujificha, mtu mzima nimepiga magoti kwenye mkeka.

"Mnagombana tena?" wifi akauliza kutoka nje. Wimbo ulikuwa umekoma.

Kiroboto alikunja ngumi juu ya ile nati.

"Hapana," akaita. "Dada anakagua kazi yako."

"Anasemaje?"

"Anasema iko sawa."

Tukamsikia anacheka, akaanza tena kumwimbia mtoto. Kiroboto alivuta pumzi, akaushusha mkono wake kwenye kichwa changu, akauacha pale.

"Kaza, dada," akasema.

Nikatoa spana, nikakaza mpaka ikagoma. Nilipotaka kuinuka akanizuia.

"Na la kushoto."